Mbuzi wa Kanada

Jumatatu moja ya Julai 2015, mzee Anicet alitoka nje na kuinusa hewa ya Roseville, mji wao wa ughaibuni, kama mpelelezi. Moshi! Jua lilikuwa jekundu, limefifia kama tochi inayoishiwa betri. Lengalenga zake, mchicha wa kwao alioupanda ndani ya ndoo, zilikuwa zimenyong'onyea, na kuku wake wawili wamejikunyata bandani, midomo wazi. Ndani, mkewe Goretti, Mama Uwase kwa majirani, mwenye pumu, alikohoa hadi akashika ukuta.

Anicet akafungua madirisha yote ili moshi utoke, kama walivyofanya jikoni kwao Kongo. Mwenye kosa alimjua. Jirani yake Francis, nesi Mkenya, alichoma nyama kila Jumamosi, na tangu Pasaka, walipogombana kwa sababu ya moshi huo, hawakuwa wakisalimiana.

"Sasa anachoma hata Jumatatu!" Akavaa koti la kanisani, maana kwenye ugomvi wa heshima mtu haendi na kandambili.

Francis alifungua mlango kidogo.

"Mzee, ingia haraka ama urudi. Hewa mbaya inaingia."

"Zima jiko lako, bwana!"

"Jiko gani?" Francis alinyoosha kidole. Jiko lilikuwa uani, limefunikwa turubai, baridi kabisa. "Huu ni moshi wa Kanada."

Anicet alicheka. "Mbuzi gani huyo achomwe Kanada, harufu yake ifike Roseville?"

"Si mbuzi, mzee. Ni misitu inaungua, na upepo umetuletea. Redio imesema wenye pumu wafunge madirisha. Mama Uwase yuko aje?"

Anicet alitazama madirisha yake, yote wazi kama midomo ya wale kuku. Koti likamwelemea.

"Anakohoa," alisema polepole.

"Mlete hapa. Nina mashine ya kusafisha hewa."

Kwenda kwa Francis ilikuwa kukiri mbele ya mkewe kwamba amekosea, jambo ambalo katika ndoa yao halikuwa limewahi kutokea. Lakini nyumbani alimkuta Goretti kitini, dawa ya kuvuta mkononi, mabega yakipanda na kushuka.

"Papa Uwase, umemshinda?" aliuliza kwa taabu.

"Twende kwake," Anicet alisema. "Nimekosea."

Goretti alisahau kukohoa kwa mshangao.

Alipomfikisha, Anicet alirudi nyumbani mbio. Francis alipofungua tena, alimkuta mzee amebana kuku kila kwapa, na ndoo ya lengalenga inaning'inia mkononi.

"Mzee, hata kuku?"

"Nao wana mapafu."

Kuku wakawekwa bafuni. Jioni kifua cha Goretti kilikuwa kimelegea, na Anicet, bado ndani ya koti lake, alikuwa akinywa chai ya Francis kama balozi.

"Francis, moshi ukiisha, Jumamosi choma nyama yako," alisema.

Francis alitupa jicho bafuni. "Ya kuku?"

"Ya mbuzi! Hawa ni wakimbizi, hawaliwi."

Goretti akacheka, akacheka tena, na safari hii kicheko chake hakikuishia kwenye kikohozi.