Mistari ya Kukodi

Brantley Coe, mwenye lebo inayotoa nyimbo zetu za rap, hajarusha ngumi tangu azaliwe, lakini ndiye aliyekata shauri kwamba mimi na Marquell tugombane. Alituita ofisini kwake hapa Memphis, akavua viatu, akapandisha miguu mezani na soksi zake za waridi, akatuambia albamu za watu wanaopendana hazinunuliwi.

"Lakini sisi ni ndugu," nikamwambia. "Tumelala kitanda kimoja mpaka tunaota ndevu."

"Hilo lisitoke humu ndani, Tavius. Undugu hauna soko."

Basi tukawa maadui. Marquell ni mtoto wa baba yangu mkubwa, Lionel. Wote wawili tulilelewa na bibi yetu Earline, mtaa wa Orange Mound, na mpaka leo kila Jumapili tukitoka kanisani tunakula kwake. Tukawekeana sharti moja: tutukanane tunavyotaka, ila bibi asiguswe. Nikamwita mwoga, akaniita chura. Mashabiki wakachoma fulana zetu barabarani, fulana anazouza Coe mwenyewe. Mchana wanatukanana kwa ajili yetu, jioni sisi tunabishana kwa bibi nani ale ukoko wa makaroni.

Kisha ukatoka wimbo mpya wa Marquell. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nikasikia sauti ya ndugu yangu ikisema:

*Bibi yako alinyoosha mashuka ya tajiri,*
*mwanawe akafukiwa jela, yeye akaghairi.*

Kinyozi akazima mashine. Mtaa mzima unajua Lionel alifia gerezani Mississippi, na kwamba tajiri aliyemwajiri bibi alimkatalia ruhusa ya kwenda kuzika. Bibi alipiga pasi siku ile huku machozi yanamtoka. Niliwahi kulisimulia hilo redioni, kwa heshima. Sasa Marquell ananitukana kwa bibi yake mwenyewe na kwa maiti ya baba yake mwenyewe!

Nikajua papo hapo hakuandika yeye. Coe alikuwa amemkodia mwandishi, jamaa mmoja wa California asiyejua kuwa bibi yetu ni mmoja. Marquell akaingia kurekodi akiwa na usingizi, akasoma kwenye simu kama anayesoma bei za petroli. Yaani hakusikia hata alichokitamka. Hasira niliyokuwa nayo, ningeweza kutafuna kiti cha kinyozi.

Na huku kwetu mchanaji, mtu wa rap, husamehewa mengi. Atafungwa, atatelekeza watoto, tutamsamehe. Lakini akichana mistari aliyoandikiwa, amekwisha.

Shemasi mmoja akaweka mtandaoni picha yetu ya kwaya ya watoto, siri ya undugu ikawafikia mashabiki. Mnadhani Coe aliona aibu? Alipiga makofi. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Huyu hakugusa jembe, akavuna misimu yote miwili. Jumapili iliyofuata alifika kwa bibi na kamera, apige picha za ndugu wakipatana.

Nikamvuta Marquell uani.

"Mwambie bibi hukuandika wewe."

"Mbele ya kamera? Una kichaa?"

"Mwambie hata kwa kumnong'oneza!"

"Mwanangu, nikisema hivyo kesho mimi nani? Watanicheka mpaka wajukuu zangu."

"We si umeshachekesha! Bibi hajalala tangu wimbo utoke."

Akatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya, Coe alivileta.

Ndani meza ilikuwa imejaa: kambare wa kukaanga, sukumawiki, mkate wa mahindi. Taa za kamera zilikuwa zinayeyusha siagi. Bibi Earline hakuwa amevua kofia ya kanisani. Alisubiri dua iishe, akampakulia Marquell kwanza, kama siku zote, kisha akaketi.

"Mjukuu wangu," akasema, "yale maneno kuhusu Lionel. Ni wewe uliyeyaandika?"

Marquell akainua macho kwenye kamera. Nyuma ya kamera Coe alikuwa anatikisa kichwa juu chini, ndiyo, ndiyo, kama mjusi.

"Hakuandika yeye, bibi!" nikaropoka.

"Tavius, sikukuuliza wewe." Hakunitazama. "Marquell. Ukiniambia hapana, nitakuamini, na tutakula."

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Mtoto mdogo angepita.

"Mistari yangu naandika mwenyewe, bibi," Marquell akasema. "Kila neno."

Bibi akainuka, akaichukua sahani ya Marquell ambayo hakuwa ameigusa, akaifunika kwa karatasi ya foili na kuikunja pembeni vizuri, kama anavyowafungia wageni wanaokwenda mbali. Akamkabidhi mikononi.

"Ahsante kwa kututembelea, bwana," akasema. "Nenda salama."

Marquell akasimama na sahani yake, machozi yanamlenga. Kwa mara ya kwanza tangu mchezo huu uanze nilimwona ndugu yangu niliyelala naye kitanda kimoja, nikanyanyuka nimshike.

"Safi sana!" Coe akapaza sauti. "Ila kivuli cha kofia kimemfunika bibi usoni. Tunaweza kurudia tangu kwenye swali?"

Marquell akafuta macho kwa mkono wa shati. Akairudisha sahani mezani, akaifunua, akakaa kusubiri swali.