Ekzosi Iliyoziba

Baba aliponitazama baada ya mashine yake ya kufyeka nyasi kuishiwa nguvu, nilijua kesi imeshasikilizwa na hukumu imetolewa. Mshtakiwa hakuitwa.

Sikuweza kulalamika sana. Nilikuwa nyumbani Kisegi kwa adhabu. Shule yetu ya bweni kule Migori ilikuwa imenisimamisha masomo kwa sababu nilishindilia ugali ndani ya ekzosi ya pikipiki ya naibu mwalimu mkuu. Ugali wa bweni, naomba ieleweke, hauna matumizi mengine. Jumatatu Baba alitakiwa kunirudisha, asimame mbele ya walimu aseme kama nimebadilika. Bila neno lake, sirudi.

"Jeff, umeiwekea nini?"

"Sijaigusa, Baba."

"Hata naibu ulimwambia hivyo hivyo."

Mashine ile kuukuu iliwaka vizuri na kunguruma kwa upole. Lakini Baba akibana mafuta ili izunguke kwa kasi, iligumia, ikalegea, ikazima. Kiwanja cha kanisa, kando ya boma letu, kilibaki nusu kimenyolewa, kama kichwa cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyemtoroka kinyozi.

Baba akafungua plagi, akaisugua. Akaosha filta ya hewa. Akamwaga petroli, akatia nyingine. Akapuliza kabureta mpaka macho yakamtoka. Kila mara iliwaka, ikagumia, ikafa.

Nami niliijua sauti ile. Pikipiki ya naibu ililia vivyo hivyo kabla ya kunyamaza: injini inayovuta pumzi lakini haiwezi kuitoa. Kusema ni kujifunga. Kunyamaza ni kumwacha Baba apulize kabureta hadi azimie.

"Baba, fungua ekzosi."

Bisibisi ikasimama hewani. "Kwa nini ekzosi?"

"Nasikia kama imeziba."

"Unasikia." Hakucheka. "Nikikuta kitu humo, Jumatatu usiniamshe."

Akafungua. Kulikuwa na kitu. Wavu mdogo wa waya mdomoni mwa ekzosi ulikuwa umezibwa na uchafu mweusi, hakuna tundu hata moja lililopitisha mwanga. Nikaanza kuiaga shule kimoyomoyo, pamoja na ugali wake.

"Huu ni nini?"

"Si ugali, Baba. Naapa. Ugali naujua."

Akaukwangua kwa bisibisi. Haukubanduka. Ulikuwa mgumu, tabaka juu ya tabaka, wa miaka mingi. Akaunusa. Kisha akakaa kwenye nyasi, taratibu, kama mtu aliyesahau kuwa nipo.

Yalikuwa masizi ya oili iliyozidi kwenye petroli. Zamani Baba alikuwa mvuvi. Siku moja injini ya mtumbwi wake iliungua kwa kukosa oili karibu na Rusinga, upepo ukawachukua, na baba mdogo Levis akaruka majini kuogelea kutafuta msaada. Hakufika. Tangu hapo Baba hachanganyi petroli na oili kama watu wengine. Akipima, huongeza; akiongeza, huongeza tena.

Hakuniomba msamaha. Sheria za wazazi hazina kifungu hicho. Tuliuchoma ule wavu kwenye jiko la Mama hadi ukawa mwekundu, ukapoa, tukausugua kwa brashi ya waya. Tulipourudisha, mashine ilipiga kelele hadi kuku wakahamia kwa jirani.

"Jumatatu vaa tai," Baba akasema. "Na ukicheka mbele ya yule mwalimu, tutajuana njiani."

Kisha akachukua dumu kuchanganya petroli mpya. Akamimina oili mpaka kwenye alama, akafunika chupa. Akaifunua tena. Akaiinamisha juu ya dumu.

"Baba, imetosha."

"Najua imetosha."

Lakini hakuifunika. Mwishowe akanisukumia chupa bila kunitazama.

"Ichukue. Ifiche mahali nisipopajua."

Nimeficha vitu vingi maishani mwangu. Hicho ndicho cha kwanza nilichotumwa kukificha.