Stuli Inayoitwa Jentrix

Jumanne saa mbili asubuhi, fundi Githinji wa Kamenu, Thika, alifungua karakana yake akakuta stuli sita alizomaliza jana zimebaki na miguu mitatu mitatu. Yeye alikuwa amepigilia minne. Miguu sita iliyong'oka ilikuwa imepangwa mlangoni, imelowa damu, nywele za kusuka zimenasa kwenye misumari.

Alitafuta ndoo. Jumapili, Wamalwa wa kiwandani alikuwa amempiga mkewe Jentrix kichwani na mguu wa stuli iliyonunuliwa hapo hapo kwa Githinji, ati ugali umepoa. Alipiga mpaka mguu ukavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. Majirani waliongeza redio sauti. Polisi waliandika kwamba marehemu aliteleza bafuni.

Githinji akaosha miguu kwa sabuni ya unga, akairudishia. Kesho yake ikang'oka tena, na damu mbichi. Mara ya tatu akachoka, akaziuza stuli hivyo hivyo, na zote alizotengeneza baadaye zikafanya vivyo hivyo. Wateja walizipenda sana kwa sababu haziyumbi kwenye sakafu mbovu. Mwanzoni waliomba stuli ya Jentrix, halafu wakaomba jentrix tu. Kufika Disemba, wenye hoteli wa Ruiru walikuwa wakiagiza jentrix kumi kumi, wala hawajui kulikuwa na mtu wa jina hilo.

Dada yake Jentrix, Emmaculate, alitaka kitu kimoja tu, Wamalwa afungwe. Alijaza miguu mia moja na kumi na miwili iliyong'oka kwa Githinji kwenye magunia, akaipeleka kwa polisi na mkokoteni, damu ikichuruzika barabara nzima.

Afisa aliihesabu yote, mtu wa adabu sana.

"Madam, tuseme alipigwa. Alipigwa na mguu mmoja. Sasa kortini nitasema ni upi?"

"Chukua wowote. Damu ni ya Jentrix yote!"

"Ungeleta mmoja ningekusaidia. Huu ushahidi umezidi."

Umezidi! Shenzi kabisa. Afisa akafunga faili.

Februari, Emmaculate alienda Ruiru, alikohamia Wamalwa, amwambie usoni kwamba ni muuaji. Wamalwa alikuwa kazini. Mke mpya, Cindy, alimpokea vizuri akamvutia stuli ya miguu mitatu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefura, amelipaka poda.

"Keti, auntie. Hii inaitwa jentrix."

"Unajua hilo jina lilitoka wapi?" Emmaculate aliuliza.

Cindy alimimina chai kwanza.

"Najua. Wamalwa alinieleza mwenyewe, siku aliyoileta."