Mashine Isiyolia

Siku Baba alipofariki, Shangazi alinishika mkono mlangoni mwa sebule akaniambia taratibu, "Punguza sauti, mwanangu. Humu ndani sote tunasikia."

Sikuwa nalia wala kugombana na mtu. Nilikuwa nauliza tu kama kuna aliyekwenda kuleta viti. Lakini nilikuwa nimeuliza kwa ile sauti ya nyumbani kwetu, sauti ya kutoka kifuani, kila neno likisimama peke yake, nimemkazia macho ninayesema naye kama anayepigwa picha. Majirani waliokaa kando ya ukuta walikuwa wakinitazama. Hospitali walikwisha niambia tangu asubuhi, na karatasi nilizitia sahihi mwenyewe, ila habari ilikuwa bado haijaniingia. Iliniingia pale mlangoni, nilipotambua kwamba sauti ile haina kazi tena.

Tuliipata ukubwani, mimi na yeye, na ilianzia kwenye duka la vifaa vilivyotumika.

Mwenye duka walimwita Mawimbi, kwa sababu alianza maisha kwa kutengeneza redio. Siku hiyo alikuwa ametupangia juu ya meza mashine tatu za kutafutia vyuma vilivyofukiwa ardhini. Kila moja ilikuwa na fimbo ndefu, mahali pa kuegemeza mkono, na chini yake sahani ya mviringo kama kifuniko cha sufuria. Baba alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa fundi bomba, na kila mtaro aliouchimba ulimpa kitu: kifungo cha koti, kijiko, ufunguo, sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Sasa alitaka kuvitafuta kwa makusudi. Si kwa tamaa ya utajiri, ni kwa kujifurahisha tu. Wenzake walikuwa wakicheza drafti kutwa. Yeye alisema atacheza na ardhi, maana ardhi haibishani.

Mimi nilimsindikiza nikiwa na haja yangu nyingine.

Baba alikuwa hasikii. Mitambo ya kusukuma maji ilikuwa imeyala masikio yake kidogo kidogo, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitamka jambo hilo, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza. Watu wakicheka, naye alicheka, nusu hatua nyuma yao. Ukimwuliza kama amekula, alikujibu kwamba mvua bado. Ukirudia, alisema watu wa siku hizi wanamung'unya maneno kama wenye pipi mdomoni. Kisha akaanza kukaa chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa. Mezani alikula macho kwenye sahani, ili asije akaulizwa kitu. Mama alikwisha tangulia zamani, mdogo wangu yuko kwa mumewe, kwa hiyo tulikuwa ni mimi, watoto wangu na yeye, na nilikuwa nampoteza angali hai, meza moja, umbali wa bakuli la mchuzi. Nilichotaka ni kitu kimoja: akiri mara moja tu kwamba hasikii, ili tupate pa kuanzia. Lakini alikuwa mtu wa kujiheshimu sana. Neno lile likitoka kinywani mwa mtoto wake lingekuwa tusi.

Tena nilikuwa nimeshaiona hatari ya kutosikia kwake. Miezi michache kabla ya siku ile ya dukani, kwenye harusi ya mdogo wangu, mshereheshaji alimpa Baba kipaza sauti akamwomba awausie maharusi maneno mawili matatu kuhusu ndoa. Baba akasimama, akaliweka sawa koti lake, akakohoa.

"Ndoo nzuri utaijua kwa kitako chake," akaanza. "Ikianza kuvuja usiitupe. Izibe tundu likiwa bado dogo. Na usimwazime jirani, itakurudia imepasuka."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama wakapiga makofi, na mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alijifuta machozi akisema kwamba tangu azaliwe hajasikia fumbo zito kama lile. Baba akakaa, ameridhika, ila akiwa na mshangao kidogo usoni, kama anayejiuliza watu hawa wameanza lini kupenda ndoo kiasi hiki. Mimi niliinamisha macho nikaanza kuhesabu maua ya kitambaa cha meza.

Basi tulikuwa pale dukani. Mashine ya kwanza ilikuwa na kioo kinachoonyesha namba na picha, na bei yake ilimfanya Baba airudishe mezani kwa mikono miwili, kama aliyebebeshwa mtoto wa watu. Ya pili, akasema Mawimbi, ndiyo ya mtu wa pensheni: nyepesi, sahani yake haiogopi maji, na inajua kutofautisha. Kwenye chuma cha kawaida inatoa sauti nzito, kwenye shaba na fedha inatoa nyembamba, kwa hiyo hupotezi muda kuchimbua misumari. Akapitisha msumari mbele ya sahani, mashine ikaguna. Baba akatikisa kichwa. Akapitisha pete ya fedha. Mashine ikalia kwa sauti kali, nyembamba, mpaka mama mmoja aliyekuwa akichagua mizani karibu na mlango akageuka kutazama kuna nini.

Baba alikuwa angali anasubiri. Mawimbi akaipitisha pete tena, polepole. Ikalia tena.

"Hii mbovu," akasema Baba. "Kwenye fedha hailii."

Mawimbi akanitazama.

Miezi mingi nilikuwa naitafuta nafasi, na nafasi yenyewe ndiyo ile. Shahidi alikuwepo, na mashine ingenisemea. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kutoa: Inalia, Baba yangu. Nikauona mkono wake juu ya ukingo wa meza, ule mkono wenye kovu la spana, na nikaona kwamba alikuja dukani amevaa lile koti la harusini.

"Kweli," nikasema. "Hailii."

Mawimbi aliiondoa mezani mara moja akaisukuma chini ya kaunta. "Niwie radhi, mzee," akasema. "Nimekuonyesha mbovu." Hakuwa akitujua. Aliiumbua bidhaa yake mwenyewe, mbele ya mteja mwingine, kwa ajili ya heshima ya mtu aliyemwona saa ile. Mpaka leo nikimkumbuka namshukuru kabla sijamkumbuka vizuri.

Mashine ya tatu ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa na sauti moja tu, nzito, ya kunguruma kama nyuki ndani ya kopo. Baba alipoisikia uso wake wote ulifunguka. Mawimbi alimwonya, na safari hii aliinua sauti bila kuonekana kwamba ameinua: hii haichagui, italilia kila kitu, utachimba misumari mpaka uchoke. Baba akamjibu kwamba msumari nao una haki yake.

Tulipata barua ya ruhusa ya kutafuta kwenye kiwanja cha soko la zamani, lililokuwa limehamishwa. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda, yeye akipepesa mashine kushoto na kulia kama anayefagia, mimi nyuma yake na koleo dogo, kwa sababu magoti yake yalikuwa hayataki tena kuinama. Mashine ilingurumia kila kitu. Tulichimba vifuniko vya soda, vipande vya bati, bawaba, misumari ya kujengea meza za watu waliokwisha sahauliwa. Mara moja moja tulipata sarafu, naye aliipangusa kwa kidole gumba akaitazama pande zote mbili kama barua.

Hatukuzungumza. Uongo wangu nao ulikuwa ukikauka kama saruji, kila Jumamosi mgumu zaidi. Nilikuwa nimemstahi, ndiyo, lakini nilihofu kwamba mlango nilioufunga siku ile kwa mkono wangu hautafunguka tena, na kwamba atakufa nyuma yake.

Jumamosi ya saba au ya nane alikaa juu ya tofali, akawa anakwangua udongo kwenye kufuli tuliyoipata. Alisema bila kuniangalia.

"Ile mashine ya pili ililia, sivyo?"

Nilizunguka nikachuchumaa mbele yake, ili anione mdomo. "Ililia, Baba."

"Kwa nguvu?"

"Mpaka yule mama wa mizani akageuka."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukwangua. Akanieleza kwamba alijua tangu siku ile ile, kabla hata hatujafika nyumbani. Mtu ambaye mashine yake imeharibika humtazama mnunuzi, alisema, na yule bwana alinitazama mimi. Tangu hapo alikuwa akingoja aone ni siku gani nitakasirika nimtupie maneno hayo usoni. Wiki zikapita, sikumtupia.

"Na kwenye harusi ya mdogo wako," akasema. "Waliniuliza nini?"

"Ndoa, Baba."

"Ndiyo, najua. Waliniuliza nini kuhusu ndoo?"

"Ndo-a," nikasema, na sauti ikatoka kifuani yenyewe, sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa baba yangu, mpaka mlinzi wa kiwanja akatokeza kichwa getini. "Ya mke na mume."

Alinikodolea macho. Kufuli ikamponyoka. Niliona maneno yakimfikia moja baada ya jingine, kisha mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe akajishika mbavu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Na mimi nikawapa ndoo," akasema. "Mbele ya wakwe."

"Yule mzee wao ameiandika kwenye daftari, Baba."

Hapo akamalizika kabisa. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutuuliza tumechimbua nini.

Alipotulia alijifuta uso kwa mkono uliojaa udongo. Akasema kwamba nilijua yote yale, tena muda mrefu, na nikamwacha akae kwa heshima yake. Akasema asante. Katika maisha yangu ndiyo asante pekee niliyoisikia ikitoka kwake ikiwa na neno zima, si kwa kuguna. Kisha akanyoosha mkono nimwinue. "Haya," akasema. "Nipeleke wakanitazame haya masikio."

Sikio la kulia walilivalisha kifaa. La kushoto walisema limekwisha. Hata kwa kifaa ilibidi nimkabili na nitoe sauti, basi nikajifunza, na watoto wakajifunza. Kwa miaka mitatu baba yangu alirudi mezani. Alituhadithia jinsi alivyomwona Mama kwa mara ya kwanza, amesimama kwenye maji yaliyofika kwenye vifundo, akimgombeza kwa bomba ambalo si yeye aliyelipasua. Aliwabishia watoto habari za mpira. Alimpigia mdogo wangu simu kuulizia hali ya ndoo yake. Siku moja alirudi dukani kwa Mawimbi akamwuliza ile mbovu yake iko wapi, na wazee wale wawili walishikana mikono muda mrefu. Mawimbi alitaka kumbadilishia, kwa kuwa sasa angeisikia. Baba alikataa. Alisema hii yake inalilia kila kitu, kwa hiyo haimfichi kitu.

Kwa hesabu ya watu wengine hatukupata chochote: sarafu kumi na moja, kengele ya baiskeli, pete moja ya shaba. Mimi nina miaka mitatu ambayo sikuitarajia, na sijui nimshukuru nani kwanza.

Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa masikio. Nashona sare kiwandani, mashine arobaini kwenye ukumbi mmoja, na nimekaa humo miaka kumi na tisa. Daktari alisema la kushoto limeanza kupungua. Niliwaambia watoto jioni ile ile, tukiwa tunakula. Siku hizi wanakaa upande wangu wa kulia.