Dirisha Aliloliziba Bushiri

Mwezi wa pili, mtaa wa Gerezani haukaliki. Bushiri, fundi wa kusuka mota za pampu, alifanyia kazi kwenye gereji ya nyumbani kwake, na bati la juu lilianza kuunguza tangu saa tatu asubuhi. Alikaa, akainuka. Alilimwagia bati maji kwa mpira. Baada ya dakika kumi likawa vilevile. Akalipaka chokaa. Akatundika magunia mabichi mlangoni. Akanunua feni ya pili, nayo ikamrudishia joto lilelile usoni.

"Unatafuta nini?" mkewe, Mwanne, alimuuliza alipomwona anahamisha meza kwa mara ya nne.

"Upepo."

"Si uliuziba mwenyewe?"

Ukuta wa nyuma ulikuwa na dirisha lililotazama uani kwa dada yake, Kuruthumu. Miaka mitatu iliyopita dada alilalamika kwamba harufu ya vanishi ya kupaka mota inamwingia mpaka jikoni. Wakagombana, majirani wakisikia, na jioni ileile Bushiri akaliziba kwa matofali. Tangu hapo walikuwa wakionana misibani tu.

Alhamisi moja jasho lilimwingia machoni akisuka mota ya pampu ya msikiti. Waya ukakwaruzika, asione. Alipoiwasha kuijaribu, ikatoa moshi. Kazi ya siku mbili! Akatoka nje, akarudi, akaitazama, akatoka tena. Safari hii miguu ikampeleka mlango wa pili.

"Hodi, dada. Shikamoo."

Kuruthumu alitokea na upawa mkononi, macho yamemtoka. "Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu." Bushiri alijifuta shingo. "Nataka kulibomoa lile dirisha. Mle ndani nitaanguka."

Dada alimtazama shati lililomganda mwilini.

"Na ile harufu yako?"

"Vanishi nitapaka barazani, upande wa barabarani."

"Ulishindwa kusema hivyo siku ile?"

"Nilishindwa."

Kuruthumu alivuta pumzi. "Ngoja nianue nguo zangu, zisijae vumbi."

Bushiri alipiga nyundo kama mtu anayekimbizwa. Tofali la tatu lilipodondoka, upepo ukapenya, ukapeperusha karatasi zote mezani. Haukuwa baridi, lakini ulitembea. Kabla ya adhuhuri shimo lilikuwa wazi, na Bushiri akakaa kuifumua ile mota iliyoungua. Safari hii alikaa.

Hakukaa kwa raha, hata hivyo. Kila kikombe kilipolia uani kwa dada, aligeuza shingo. Alitaka kusema neno, asijue aanzie wapi. Mwishowe akasimama dirishani.

"Dada, siku ile nilikukosea."

Kuruthumu alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso.

"Ulinikosea sana," alisema. "Njoo ule kwanza, mengine tutasema tukishakula."