Habari za Kitanda cha Nne

Mwenzake aliondoka siku ya tisa, na jino lake la mbele akaenda nalo, amelifunga kwenye kitambaa.

Walikuja pamoja, mabinti wawili waliomaliza chuo cha uuguzi siku moja, wakapangiwa hospitali moja mbali na kwao, safari ya siku mbili kwa basi. Walipewa chumba kimoja nyuma ya chumba cha kufulia, vitanda viwili na dirisha lisilofunga. Yule mrefu, ambaye tangu chuoni walimwita Twiga, ndiye aliyetangulia kutumwa nje kuwaambia watu kwamba mgonjwa wao amefariki. Mtoto wa marehemu alimsogelea. Alimpiga ngumi ya mdomo, kisha akakaa chini akalia kama mtoto mchanga.

"Mjumbe hauawi," alisema mzee wa kufagia wodi, akimwekea Twiga kitambaa cha maji baridi, "lakini kupigwa hupigwa, mwanangu. Zoea."

Ndiyo ilikuwa desturi ya wodi ile, ingawa hakuna aliyeiandika popote. Wodi ya wanaume ilijaa watu wa panga, chupa na mateke, na waliowasindikiza walikuja na hasira ileile iliyowaleta wagonjwa wao. Manesi wa zamani walikuwa wameshaionja. Mmoja sikio lake la kushoto halisikii tena, mwingine kidole kimepinda. Basi akija mpya, habari za kifo anabebeshwa yeye. Muuguzi mkuu, mama mwembamba mwenye pete ya funguo kiunoni, ambaye wote walimwita Mama Funguo, hakuona haya kulisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Twende zetu wote," Twiga alimwambia mwenzake akifunga sanduku. "Kazi ziko kwingine. Meno hayaoti mara tatu."

"Nina miezi mitatu ya majaribio. Nikirudi kabla haijaisha, cheti nitakifanya nini, nikifunikie maji?"

Kwao alimwacha mama yake, mjane aliyemsomesha kwa kufua nguo za watu, na ambaye kila alfajiri alimtajia Mungu kazi ile kama mtu anayekumbusha deni la haki. Binti hakuweza kurudi na kumwambia mama wa namna hiyo kwamba ameogopa. Akabaki. Pale wodini hawakumpa jina zaidi ya Mgeni.

Siku mbili baadaye waliletwa vijana wawili waliokatana panga kwa ajili ya ua wa mpaka wa shamba. Mmoja alikuwa mtoto wa mama muuza mkaa, mwenye kaka wanne. Mwingine alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa seremala. Kufika kwao, Mgeni ndiye aliyewafunga vichwa, na alipomaliza yalibaki matundu ya pua na midomo tu, huwezi kumjua huyu wala yule. Mmoja akalazwa kitanda cha tatu, mwenzake cha nne. Maadui bega kwa bega, maana nafasi nyingine haikuwepo.

Asubuhi, saa tatu na robo, daktari alimfunika shuka mmoja wao, akaandika, akaitwa chumba cha upasuaji mbio.

"Mgeni," Mama Funguo akaita bila kugeuka. "Kitanda cha nne. Sema kwa kifupi, na usimshike mtu mkono."

Chuoni walifundishwa: tazama uso, soma jina lililoandikwa mkononi, kadi iwe ya mwisho. Lakini Mgeni alikuwa anafikiria jino. Alisoma kadi iliyoning'inia miguuni pa kitanda, hakufunua shuka, akatoka.

Uani kulikuwa na jengo la wodi mpya lililosimama nusu, matofali na nondo vimelala juani. Upande wa tangi la maji alikaa mama wa mkaa na wanawe wanne, kucha zake nyeusi hadi kwenye nyama. Upande wa geti alikaa seremala na binti yake. Katikati alisimama mlinzi na rungu lake, kama mpaka mwingine.

"Mama," Mgeni alisema, "mimi ni nesi wa wodi. Mwanao, Mungu amemchukua. Poleni sana."

"Mwanangu yupi?" yule mama aliuliza, kana kwamba kulikuwa na wa kuchagua.

"Wa kitanda cha nne."

"Wa nne ndiye wetu," alisema mkubwa wa wale kaka, pande la mtu waliyemwita Kifua. "Jana nilimwona mwenyewe."

Yule mama hakupiga yowe. Aliuma upindo wa nguo yake, akainua macho, akatazama ng'ambo ya uwanja. Watoto waliolelewa na jicho hawahitaji maneno.

Seremala naye alikuwa ameshaelewa kuna msiba. Alisimama, akavuka uwanja taratibu, mikono imefunguka, penseli yake bado iko nyuma ya sikio. "Poleni, jamani," alikuwa anasema. "Poleni, mama. Ugomvi wa watoto umetufikisha..."

Tofali la kwanza lilimpata juu ya jicho. La pili lilimkuta yuko chini. Wakamzunguka, wakampiga kwa miguu kama watu wanaokanyaga udongo wa kujengea, bila makelele, na ule ukimya ndio uliotisha. Binti yake akajitupa juu ya baba, wakampiga naye. Mlinzi akashusha rungu kwenye goti la mmoja, goti likalia, kisha akanyang'anywa rungu na kupigwa nalo. Mgeni akadaka shati la mtu, akala kiwiko cha koo, akaona dunia imejaa nyota mchana kweupe.

Alipopata pumzi alimshika mzee kwapa moja, binti akashika la pili, wakamburuta hadi ndani. Damu ikachora njia sakafuni. Mama Funguo akafunga mlango wa chuma nyuma yao.

"Bado mmoja!" Kifua alinguruma nje. "Aliyemuua ndugu yetu yumo humo, anakunywa dawa!"

Wakazunguka nyuma, ambako mlango wa wodi ulikuwa wa mbao.

Mama Funguo alikuwa na mzee kwenye chumba cha vidonda, amemkandamiza kichwa kwa mikono miwili. Hakukuwa na mwingine. Mgeni akakimbilia wodini. Wagonjwa walikuwa wanaruka madirishani, na mwenye mguu wa plasta aliwatangulia wote. Aliyebaki ni yule wa kitanda cha tatu, hajiwezi, anapumua kwa kukoroma ndani ya bandeji zake. Mlango ukapigwa, bawaba ikaruka.

Alijaribu kusukuma kitanda, gurudumu likagoma. Akaamua amvute chini, amfiche uvunguni. Akamshika mkono, na pale kwenye kifundo, juu ya plasta nyeupe, kulikuwa na jina kwa wino.

Alilisoma. Akalisoma tena. Lilikuwa jina la mtoto wa mama wa mkaa.

Baadaye ilijulikana kwamba nesi wa zamu ya usiku aliwahamisha wagonjwa wale, aliyezidiwa asogee karibu na mtungi wa oksijeni. Watu aliwahamisha, kadi akaziacha. Wakati ule Mgeni hakujua hayo. Alijua jambo moja tu: amekwenda kumpa msiba asiye nao, na mwenye msiba wake ndiye aliyepigwa akitoa pole.

Mlango ukaanguka. Kifua akaingia na nondo, wadogo zake wawili nyuma.

"Sogea, dada. Sina ugomvi na wewe."

"Huyu ni ndugu yako! Nilikosea! Ndugu yako huyu hapa, yu hai, soma mkono wake!"

"Mdomo huohuo ndio ulioniambia amekufa. Sasa unamficha muuaji nyuma ya maiti ya ndugu yangu? Sogea!"

Hakusogea. Nondo ikaja. Mgeni aliinua mkono wa kushoto bila kufikiri, ukavunjika kwa sauti ya kuni kavu. Alianguka juu ya mgonjwa, na mkono uliobaki ukatafuta ncha ya bandeji nyuma ya sikio. Alijua ilipo, maana aliifunga mwenyewe. Akaivuta. Iliganda na kidonda. Akaivuta na kidonda chake, nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine, na yule kijana akapiga ukelele ambao hakuna nesi anayependa kuusikia kwa mkono wake. Damu ikamfunika shavu. Uso ukatoka.

Nondo ilikuwa juu tayari kwa pigo la pili.

"Kaka," uso ule ulisema kwa midomo iliyovimba. "Kaka, una nini?"

Kifua akabaki vilevile, mikono juu, kama sanamu ya mpasua kuni. Kisha nondo ikamtoka, ikamwangukia mguuni mwenyewe, wala hakuisikia. Mama yake aliingia akipita juu ya mlango ulioanguka, akamwona mwanawe yu hai, akapiga kigelegele. Kikafika katikati kikakatika. Alikuwa ameona mikono ya wanawe, na akakumbuka damu ile ni ya nani.

Mama Funguo alimfunga Mgeni mkono kwa vibao viwili kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akiongea chini chini.

"Nisikilize. Polisi wako njiani. Wagonjwa walihamishwa usiku, kadi zikaachwa, si wewe wala si mimi. Yule mzee nimeshamshona, lakini hajui kitu, na hataambiwa leo. Daktari atamwambia kesho, kwa lugha ya daktari. Wewe nyamaza. Ukinyamaza, karatasi yako ya majaribio naisaini sasa hivi, miezi mitatu yote."

Mgeni alitazama vibao. Maumivu yalikuwa yanapanda hadi menoni. Aliifikiria karatasi ile, na mama yake ataipokea kwa mikono gani.

"Mama," alisema, "yule mzee alikuwa anakwenda kuwapa pole."

"Nimekuambia nyamaza."

"Nimekusikia, mama." Akafungua mlango kwa bega.

Seremala alikuwa amekaa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, mshono mweusi kutoka paji hadi utosini. Binti yake, jicho limefumba kwa uvimbe, alishika karai la maji ya damu.

"Wangu anaendeleaje?" mzee akawahi kumuuliza. "Nimesikia wamevunja mlango. Wamemfikia?"

"Hawakumfikia, baba. Alikuwa ameshafariki saa tatu na robo." Akasogea mbele ya kiti. "Wa kitanda cha nne alikuwa mwanao. Nilisoma kadi, sikumfunua uso, nikawaambia watu wasio wake. Wamekupiga kwa kifo cha mtoto wako mwenyewe. Ni mimi."

Karai lilimpiga usoni kabla hajafumba mdomo. Maji, damu, bati. Pua ikapasuka. Binti wa seremala akainua karai tena, akapiga, na Mgeni hakujikinga, maana mkono mmoja ulifungwa na wa pili aliukataza.

"Acha," mzee alisema. Binti akapiga mara ya tatu. "Acha, mwanangu. Utampiga kesho. Leo tuna kazi."

Machozi yakamtiririka mzee mashavuni. Kisha akamtazama Mgeni kama unavyotazamwa ubao kabla ya kukatwa.

"Mama yake yuko nyumbani, na kaka zake, wajomba wa kijana, wako naye, wanaume sita, wanasubiri habari. Nikifungua mdomo mimi, nitawataja wale vijana. Sina ubavu wa kutowataja. Na jua halitatua kabla hatujachimba makaburi matano." Akapumua. "Wewe ndiye utakayemwambia. Utaanza na kosa lako, lote, usipunguze. Mtu akiwa na wa kumchukia mbele ya macho yake, pengine hatakwenda kutafuta mwingine. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

Kwanza walikwenda wodini, Mgeni akamfunua marehemu, baba akamtazama mwanawe, akamfunga kidevu kwa leso yake. Hilo lilichukua muda wake. Kisha wakatoka, watu watatu wanaoshikana, mzee katikati.

"Ukipita geti hilo zamu haijaisha," Mama Funguo aliita kutoka mlangoni, "usirudi!"

Mgeni alimsikia. Aligeuka akamwinamia kidogo, kwa adabu, kama mtu anayeaga nyumba aliyolala, akapita.

Nyumba ilikuwa karibu, nyuma ya karakana iliyonukia randa na gundi. Wajomba sita walikaa kwenye magogo. Panga zao, zilizonolewa asubuhi hiyo, ziliegemea ukuta kwa safu. Mke wa seremala alikuwa anapepeta mchele. Aliona kichwa cha mumewe, ungo ukasimama hewani.

"Nani amekufanya hivi? Baba watoto, nani?"

Wajomba wakanyoosha mikono ukutani.

Mgeni akatangulia mbele, damu ya pua imemkauka kidevuni, mkono kwenye vibao. "Mama," alisema, "kabla hujamuuliza mzee, nitazame mimi. Mimi ni nesi. Mwanao amefariki leo asubuhi, na mimi nilimtangaza kwa watu wengine. Kilichompata mzee kimetoka mdomoni mwangu. Nilikuwa na woga, sikumfunua uso mwanao."

Mchele ulimwagika wote. Yule mama alimrukia kama chui, akamkamata nywele, akampiga chini, akamkalia kifuani, akampiga kwa ngumi, kwa viganja, kwa paji la uso, akiita jina la mwanawe kwa kila pigo. Mgeni alilala akipokea. Alisikia kitu kikivunjika ndani ya mdomo wake, akakimeza. Midomo yake ilikuwa inasali, hata kama hakuna aliyeyasikia maneno.

"Ataua!" mmoja wa wajomba alipiga kelele. "Dada ataua mtu! Mshikeni!"

Wote sita wakakimbia, na iliwachukua wote sita, mikono kumi na miwili, kumbandua dada yao na kumshikilia mpaka alipochoka na kuanza kulia kilio chenyewe. Wakakaa naye chini mavumbini, wamemkumbatia, wakilia naye. Panga zilibaki ukutani.