Pumzi ya Shingo Ndefu

Kazi yangu ni kudanganya masikio. Wenzangu hawapendi nikisema hivyo mbele ya wageni, lakini ndiyo kweli yenyewe. Kampuni yetu inatengeneza gemu ambamo mchezaji anaendesha hifadhi ya dinosaria: anajenga mazizi, anaajiri madaktari wa wanyama, anauza tiketi, na akizembea kufunga geti wageni wake wanaliwa. Wachoraji wanachora, mafundi wa kompyuta wanawapa wanyama akili, mimi nawapa sauti. Nani aliwahi kuwasikia wanyama hao? Hakuna. Kwa hiyo nilichukua ngurumo ya simba, nikaichanganya na mlango wa stoo yetu unaolalamika, na leo kuna watu wanaapa kwamba dinosaria alinguruma hivyo hivyo.

Mwaka jana bosi alituambia toleo jipya litakuwa na wanyama wa baharini. Walikuwa wanne: kobe mkubwa kuliko gari, mjusi mwenye umbo la samaki, mwenye mataya makubwa ambaye mchoraji wetu alimbatiza Mkwe kwa sababu zake mwenyewe, na wa nne mwenye shingo iliyozidi mwili, tukamwita Shingo Ndefu. Kobe alinichukua siku mbili, mjusi siku tatu. Mkwe tulimpata kwa kuburuta sofa la bosi kwenye korido siku aliyosafiri, na hajajua hadi leo. Shingo Ndefu ndiye aliyenitoa jasho.

Tatizo lake ni kwamba hakuwa samaki. Alikuwa na mapafu, na ilimlazimu apande juu kuvuta hewa. Kwenye gemu mchezaji yuko kando ya bwawa, maji yametulia, mara kichwa kinatokea, kinapumua, kinazama. Bosi alitaka pumzi hiyo imfanye mtu aache alichokuwa akifanya. Nikajaribu pampu ya baiskeli, nikajaribu godoro la kujazwa upepo, nikajaribu hata mkoromo wa mume wa mhasibu, ambao mhasibu mwenyewe aliniletea kwenye simu kwa furaha kubwa. Bosi akawa anatikisa kichwa tu. "Hii ni pampu," alisema. "Mimi nataka kiumbe anayeihitaji hiyo hewa."

Kiumbe wa namna hiyo nilikuwa naye nyumbani kwa mdogo wangu. Mama yetu alifagia kiwanda cha saruji kwa miaka ishirini na saba, na vumbi lile halikumtoka mapafuni alipostaafu. Kila pumzi yake ilianza chini sana, ikapanda kwa kusuasua, ikakwama kidogo, kisha ikatoka ndefu. Mdogo wangu ni fundi cherehani na anafanyia kazi sebuleni, kwa hiyo yeye ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikuwa dada mkubwa wa Jumapili. Nilikuja na matunda, nikakaa saa mbili, nikatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba, nikaondoka.

Nilipomweleza Mama shida yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani nimekusomesha miaka yote ile, unakuja kunifanya dinosaria?"

"Wa baharini, Mama."

"Ana meno?"

"Mengi."

"Basi afadhali. Mimi yangu yamebaki ya kuhesabika." Akapumzika kidogo, kisha akasema, "Njoo Alhamisi. Usichelewe, nisije nikapata nafuu nikakuharibia kazi."

Alhamisi mchana nikafika na begi langu. Anayenasa sauti akiingia chumbani hasalimii watu kwanza, anasikiliza kinachopiga kelele. Nilizima feni. Nilichomoa friji jikoni. Saa ya ukutani niliitoa betri, dirishani nikaning'iniza blanketi. Mdogo wangu nilimtuma nje akanunue nyuzi, ili cherehani inyamaze. Kwenye kigoda karibu na mto wa Mama kulikuwa na gilasi ya maji yenye kifuniko, na kila lori lilipopita barabarani kifuniko kiligonga gilasi. Nikabeba kigoda na gilasi yake nikavipeleka chini ya dirisha. Mama alikuwa akinitazama tu, ameegemea mito mitatu. Nadhani alifurahi kuniona nikifanya kazi, maana hakuwahi kuniona.

Niliweka maikrofoni karibu na shavu lake, nikavaa hedifoni, nikabonyeza kitufe. Pumzi ya kwanza ikaingia masikioni mwangu na nikajua tumempata Shingo Ndefu. Nilifurahi. Ni aibu kusema, lakini niliisikia shida ya mama yangu nikafurahi.

Hapo Mama akafungua mdomo. Hakuwa anavuta hewa, alitaka kusema neno. Nilimwona akianza, midomo imeachana, macho yamenielekea. Sisi tuna ishara moja kazini: kiganja kikiinuliwa, hata bosi ananyamaza. Nikainua kiganja. Sikufikiri, mkono ulipanda wenyewe kama unavyopanda kila siku ofisini. Mama akafunga mdomo.

Nikavua hedifoni, nikaacha kinasa sauti kikiendelea kunasa, nikanyata hadi nje, nikafunga mlango, kwa sababu pumzi zangu zingeingia kwenye sauti. Nikakaa kwenye ngazi za mbele nikampigia bosi simu kumwambia kwa kunong'ona kwamba kazi imekwisha. Tulizungumza vizuri, akanisifu. Niliporudi ndani nilimkuta mdogo wangu amepitia mlango wa jikoni, ameketi kitandani, ameshika gilasi mdomoni mwa Mama.

"Si nilisema asiingie mtu?" nikamwambia. "Umeniharibia mwisho."

Alinitazama vibaya, nikadhani ni kwa sababu ya feni. Nikakusanya vifaa vyangu upesi maana bosi alikuwa anasubiri. Mlangoni nilimwambia Mama tutazungumza Jumapili, naye akanipungia mkono.

Jumamosi usiku walimpeleka hospitali. Jumapili nilimkuta na barakoa ya oksijeni, anaweza kufumbua macho tu. Jumatatu asubuhi alikufa.

Baada ya mazishi nilirudi kazini kabla ya siku zangu za mapumziko kuisha. Watu walinishangaa, lakini nyumbani nilikuwa nasikia nafsi yangu ikinisuta na ofisini kulikuwa na kelele. Nilifungua sauti ya Alhamisi kwenye kompyuta. Sisi tunaiona sauti kabla ya kuisikia, inachorwa kwenye skrini kwa vilima na mabonde, na mtu mwenye uzoefu anatambua mlango, mbwa au maneno bila kusikiliza. Dakika kumi na moja zilikuwa pumzi. Baada ya hapo vikaanza vilima vyembamba vya mazungumzo: mdogo wangu ameingia. Sauti iliyoingiliwa na maneno kwetu ni takataka. Nikaikata pale pale, nikaitupa bila kuisikiliza, na kadi ya kinasa sauti nikaifuta ili niitumie kunasa mawimbi ya bahari. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Toleo jipya lilipotoka, Shingo Ndefu alipendwa kuliko wote. Bosi alinisomea barua za wachezaji kwa sauti. Mmoja aliandika kwamba mnyama yule akipanda juu, yeye huacha hifadhi nzima iharibike akae kumsikiliza. Mchoraji alininunulia keki yenye shingo, ikavunjika kabla ya kufika mezani. Nilicheka na wenzangu, nikaenda chooni nikalia.

Nilichokuwa nalilia ni lile neno. Kila mtu katika ukoo alikuwa na la kwake kutoka kwa Mama. Mjomba aliambiwa aache kuendesha gari bila miwani. Shangazi aliachiwa kitenge na maneno ya kukifuata. Mimi nilikuwa na kiganja changu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huo mshindo niliusikia kila nilipolala. Labda alitaka kunisamehe kwa Jumapili zangu za saa mbili. Labda alitaka kunibariki, au kunisema. Hata lawama ningezipokea kwa mikono miwili. Nilibuni sentensi nyingi na kuzitia mdomoni mwake, usiku mmoja hii, usiku mwingine ile, na hakuna iliyomkaa.

Miezi miwili ikapita kabla sijamuuliza mdogo wangu. Tulikuwa tunasalimiana kwa adabu, jambo ambalo kwa ndugu ni baya kuliko kugombana. Nilimkuta sebuleni anapinda suruali ya mteja. Nikakaa, nikamwambia yote, kwamba Mama alitaka kuniambia kitu nikamzuia, na kama anajua ni nini aniambie hata kama kitaniuma.

Alisimamisha cherehani.

"Alitaka maji," alisema.

"Maji gani?"

"Maji, dada. Ya kunywa. Ulizima feni, ukaziba dirisha, ukamsogezea gilasi mbali. Nilipoingia midomo yake ilikuwa imekauka, imeshikana. Nikamuuliza, Mama, mbona hukuita? Si dada yuko hapo nje?"

"Akasema nini?"

Mdogo wangu alitazama suruali iliyo mapajani mwake. "Aliinua mkono, hivi, kama wewe. Akaninong'oneza, 'Taratibu. Dada yako hajamaliza kazi.' Ndipo nikamnywesha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa baraka na nimejiandaa kwa laana. Kiu sikujiandaa nayo. Halafu nikaelewa jambo la pili, nalo ndilo lililonikalisha chini sakafuni: vile vilima vyembamba nilivyovitupa vilikuwa ndiyo maneno hayo. Nilikuwa nayo. Sauti ya mama yangu ikinitetea ilikuwa kwenye skrini mbele ya macho yangu, nami niliikata kwa kidole kimoja. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja na mizigo yake yote.

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya wote, nikasikiliza zile dakika kumi na moja zilizobaki, safari hii nikimsikiliza Mama. Katikati ya pumzi kulikuwa na sauti ndogo, ya ngozi inayobanduka taratibu kutoka kwenye ngozi. Kisha kimya. Kisha tena. Ilikuwa midomo yake ikiachana na kushikana. Alikuwa anafungua mdomo aniite, anakumbuka kiganja changu, anaufunga. Nilihesabu mara tisa.

Sauti hiyo niliijua vizuri. Nilikuwa nimeichagua mwenyewe wiki ileile niliyorudi kutoka mazishini, nikaikuza, nikaishusha iwe nzito, nikamwekea Shingo Ndefu anapopanua kinywa kabla ya kuvuta hewa. Kwenye faili niliandika "mdomo, safi sana."

Nilimweleza bosi nikiwa nimesimama. Alivua miwani akaishika. Akasema, "Iondoe. Tengeneza nyingine ukitaka, usitengeneze ukitaka. Ijumaa tunawatumia wachezaji marekebisho ya gemu, itaenda nayo. Wachezaji wakilalamika nitawajibu mimi."

Nilitengeneza nyingine kwa ngozi ya kiatu iliyolowa. Ilikuwa nzuri, mchoraji hakuona tofauti. Kilichobaki ni kufuta ya zamani, na hapo mkono ukakataa. Nikiiacha, mama yangu ataendelea kuomba maji katika nyumba za watu wasiomjua. Nikiifuta, hakuna atakayemsikia tena. Ijumaa asubuhi nilimpigia simu mdogo wangu, nikamwomba aje.

Alikuja na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamvisha hedifoni, nikamwonyesha bwawa. Maji yalitulia, kichwa kikapanda, kinywa kikafunguka, pumzi ikaja. Mdogo wangu alifumba macho. Aliisikiliza mara tatu, machozi yakimdondoka juu ya tepu, hakuyafuta.

"Ni yeye kabisa," alisema.

"Nifute?"

Alivua hedifoni akaziweka mezani polepole. Sauti yake haikuwa na hasira, nami ningependa ingekuwa nayo.

"Mara ya kwanza ulimnyamazisha hujui anaomba nini," alisema. "Leo unajua. Mimi siwezi kukusaidia kufuta, dada."

Marekebisho yalitumwa jioni, sauti ya midomo ikiwa mahali pake. Mdogo wangu huwa ananipigia siku hizi, tunazungumza kama zamani, mengine hata tunayacheka. Lakini kazini hatukosi mtu anayejaribu gemu bila hedifoni, na kila siku, mara mbili tatu, namsikia Shingo Ndefu akifungua kinywa nyuma yangu. Mimi huacha ninachofanya, nikaenda jikoni, nikajaza gilasi. Naishika tu, maana sina wa kumpelekea.